Kichupa cha Mate

Siku ile Kwale, mbele ya kamati ya mashamba, Twaiba alishindwa kutaja jina la mumewe. Jina la mume aliyeishi naye miaka kumi na tisa! Aliingia amejitanda leso yake, akasema, "Shikamooni, wazee wangu," kama alivyofunzwa na mamake tangu angali mtoto, kisha akangoja. Wazee watatu walikuwa wameketi nyuma ya meza. Mwenyekiti alikuwa akipekua faili. Wa kulia alikuwa akifuta miwani. Wa kushoto, aliyevaa kanzu, alikuwa akiitikisa saa yake ya mkononi iliyosimama. Marahaba haikuja.

Wageni wa Pwani mtasema, ah, marahaba tu? Tulieni. Kwa mtu wa Mwabungo, kijiji cha Twaiba, salamu isiyoitikiwa ni sawa na kufungiwa mlango usoni na watu wanakutazama. Moyo ulianza kumdunda Twaiba. Jasho likamtoka, magoti yakalegea, na kinywa kilichokuwa na maneno aliyoyapanga tangu juzi kikamkauka kabisa.

"Mama, Bwana Shutu anasema mumeo alimuuzia shamba," alisema mwenyekiti bila kuinua uso. "Karatasi hii hapa, na dole gumba la mumeo hili hapa. Wewe wasemaje?"

Alisukumiwa karatasi. Twaiba aliitazama, asione kitu. Herufi zilikuwa zikiogelea. Ndani ya kipochi chake mlikuwa na kadi ya hospitali iliyoonyesha kwamba Luqman alianguka na kiharusi na kulazwa tarehe ishirini na saba Februari, mwaka huohuo wa tisini na tisa, na karatasi ya Shutu ilikuwa ya tarehe mbili Machi. Mtu asiyejitambua kitandani anauzaje shamba? Neno lilikuwa hilo tu, jepesi, hata mtoto angelisema. Lakini kipochi alikisahau kwamba anacho. Alijifuta jasho kwa pembe ya leso, ile pembe yenye doa la zambarau ambalo yeye, dobi wa miaka kumi na miwili, lilimshinda kutoa. Akafungua kinywa. Kikatoka kitu kama kikohozi.

Shutu alisimama, suruali yake imenyooka pasi. Alikuwa dalali wa viwanja, na sauti alijaaliwa. "Mwenyekiti, mwaona wenyewe. Mwenye haki hakosi neno."

Wa kanzu ndiye aliyemwonea huruma. Alisema mama yule hayuko sawa, apewe muda. Mwenyekiti akaandika. "Wiki kumi. Jumatano, tarehe kumi na tano Septemba. Mwenye shamba hawezi kusema, hilo tumelisikia, basi aje mkewe aseme. Asiposema, tutaamua kwa karatasi iliyo mezani."

Nje, Twaiba aliushika ukuta wa ofisi akatapika mbele za watu. Shutu alimpita akiwa amekunja pua. "Pole, shemeji. Kama ni taabu hivi, si uniachie tu? Nitakupa hadi mwisho wa vuli uhamishe vyombo."

Nyumbani Mwabungo, mavyaa wake, Bi Mwinga, alikuwa ameketi kwenye mkeka kando ya kitanda cha mwanawe. Luqman alikuwa fundi mwashi, mtu wa kuinua mawe ya matumbawe kama mikate. Sasa upande wake wa kulia ulikuwa umekufa, na ulimi wake pamoja nao. Lakini masikio yalikuwa mazima na akili nzima, na hilo ndilo lililokuwa gumu.

"Ulisema?" aliuliza Bi Mwinga.

"Sikusema, mama."

"Hukusema nini?"

"Sikusema chochote."

Bi Mwinga hakumkemea. Afadhali angemkemea. Luqman alimtazama mkewe kwa muda, kisha akageuza uso ukutani polepole, kwa nguvu za upande mmoja. Twaiba alikwenda jikoni akawasha moto ambao haukuwa na kazi.

*

Kila Alhamisi alikuwa akimpeleka Luqman hospitali ya Msambweni kunyooshwa viungo. Alhamisi iliyofuata, muuguzi Biasha, mwanamke mnene wa Gazi mwenye kicheko cha karibu, alimwona Twaiba akimwaga chai aliyokuwa akimnywesha mumewe.

"Hebu lete mkono huo."

"Mgonjwa ni huyu, dada, si mimi."

"Nimesema lete mkono." Alimfunga mpira wa kupimia presha, akapampu, akasikiliza, akapima tena. "Mia na sabini. Walala?"

"Nalala kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Hapo yote yakamtoka Twaiba, Shutu na shamba na kamati na kutapika ukutani. Biasha alimsikiliza hadi mwisho. Akamwambia kulikuwa na watu wa chuo kutoka Nairobi waliokuja kuwafundisha wanaouguza jamaa zao jinsi ya kuutuliza mwili, wiki nane, na kupima kama mafunzo yenyewe yanafaa au ni maneno tu.

"Lakini mimi si mgonjwa."

"Ndio wanaowataka hao. Wasiougua bado."

Mkubwa wao alikuwa Daktari Nthambi, binti mwembamba wa Kikamba, Kiswahili chake cha bara na haraka yake ya bara. Alimketisha Twaiba kwenye kiti, akamuuliza, "Mama, ukikutana na nyoka, unafanya nini?"

"Nakimbia."

"Nani anakuambia ukimbie?"

"Sasa niambiwe na nani? Si naona nyoka?"

Nthambi alicheka. Alimwonyesha kiunoni, kwa nyuma. "Hapa juu ya figo kuna tezi, moja kila upande. Ubongo ukisema hatari, hizo tezi zinamwaga homoni. Inaitwa kotisoli. Hiyo na wenzake ndio wanakupea nguvu ya kukimbia. Moyo mbio, sukari juu, mdomo mkavu. Ni kitu mzuri. Shida ni kwamba mwili haujui kutofautisha nyoka na mwenyekiti wa kamati. Na homoni ikizidi, hata vitu unavijua vinajificha kwa kichwa."

Twaiba alikumbuka kipochi chake na kadi iliyokuwa ndani. Kumbe hakuwa mjinga. Tangu Kwale alikuwa akijiita mjinga kila saa.

"Na hiyo homoni mwaionaje?"

"Kwa mate. Unatema hapa." Akainua kichupa cha plastiki kidogo, hakizidi kidole. "Kabla ya jaribio na baada yake. Tunaweka kwa barafu, tunapeleka Nairobi."

*

Jaribio lenyewe, jamani! Twaiba alipewa dakika chache ajitayarishe kuomba kazi ya kubuni, kisha akaingizwa chumbani mbele ya watu watatu waliovaa makoti meupe. Wawili walikuwa vijana wa chuo. Wa katikati alikuwa Mzee Mbwana, karani mstaafu wa Msambweni, aliyeajiriwa kwa kuwa watafiti walitaka uso wa kienyeji. Koti lilimfika juu ya magoti. Walikuwa wameamrishwa wasicheke, wasitingishe kichwa, wasiitikie neno. Ndiyo njia yenyewe ya kuushtua mwili wa mtu ili upimwe.

"Shikamooni," alisema Twaiba.

Kimya. Vijana walimkodolea macho. Na Twaiba akasikia Kwale nzima ikimrudia, jasho, magoti, moyo. Alitazama chini akangoja sakafu impokee.

Mzee Mbwana alikuwa akiteseka kuliko yeye. Midomo ilimcheza. Alitazama dari, akatazama viatu vyake, akakohoa. Mwishowe yakamshinda.

"Marahaba, mwanangu! Marahaba. Wewe ni wa nyumba gani?"

Pazia likafunguka, Daktari Nthambi akatokea kama aliyemwagiwa maji. "Mzee Mbwana! Tulikubaliana nini?"

"Tulikubaliana, binti yangu, sikatai."

"Sasa umeharibu jaribio lote!"

"Kusalimu ni suna, kuitikia ni faradhi," alisema Mzee Mbwana, akivua koti. "Mshahara wako nautaka, wallahi nautaka. Lakini kaburini sitaulizwa na Nthambi."

Biasha alilazimika kutoka nje akacheke. Ilibidi jaribio lirudiwe Jumatatu. Mzee Mbwana aliruhusiwa kubaki baada ya kuapa kwamba ataitikia moyoni, na siku hiyo alikaa amefumba midomo kama mtu aliyeweka maji kinywani. Twaiba alitakiwa ahesabu kurudi nyuma, kutoka elfu moja na ishirini na mbili, kila mara akiondoa kumi na tatu. Alipata elfu moja na tisa, akapata mia tisa tisini na sita, kisha hesabu ikamkimbia. "Umekosea. Anza tena," alisema kijana mmoja. Alianza tena, akakosea palepale, akalia mbele yao.

Baadaye alipopewa kichupa, hakuwa na mate. Alikaa robo saa akijinyonya mashavu, akiwafikiria watu wote wenye vinywa vilivyolowa, mpaka yakapatikana matone yaliyotosha. Biasha akabandika nambari, thelathini na moja, akakitia kwenye barafu.

*

"Umewapa nini?" aliuliza Bi Mwinga jioni hiyo.

"Mate, mama. Ya kupimia."

Kikongwe aliweka chini ukili aliokuwa akisuka. "Mate yako mwenyewe? Umewapa watu usiowajua ukoo wao?"

"Ni madaktari."

"Mate ndiyo tunayombarikia mtoto aendapo safari. Mate ndiyo tunayomlaania mtu. Kucha ukikata tunafukia, nywele tunafukia, wewe mate unayatia kichupani yanakwenda Nairobi kulala kwenye friji! Mwenye kuyapata atakufanya atakavyo, mkaza mwanangu. Na shamba nalo litakwenda hukohuko."

"Mama, shamba lilikuwa linakwenda hata kabla ya hayo mate."

Hapo kutoka kitandani ikasikika sauti. Walishtuka wote wawili. Luqman alikuwa akicheka, upande mmoja wa mdomo, machozi yakimtoka, kicheko cha kwanza tangu Februari. Bi Mwinga akasonya, akaurudia ukili wake. Lakini alikuwa hajaridhika, na kwa wiki kadhaa alimpa Twaiba majibu mafupimafupi, na mswaki wa Twaiba aliufukia nyuma ya nyumba ili angalau huo usichukuliwe.

*

Walikuwa watu kumi na wanane kwenye baraza ya hospitali, kila Alhamisi, wakati wagonjwa wao wakinyooshwa viungo. Wengi walikuwa wanawake. Biasha aliwafundisha kuvuta pumzi hadi tumboni kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, polepole, kwa kuwa mwili huamini pumzi ndefu kuliko maneno. Aliwafundisha kuyakamata mawazo yanayokuja kabla ya hofu na kuyauliza maswali. Aliwafundisha kulegeza misuli, kuanzia vidole vya miguu.

Hapo kwenye kulegeza ndipo Twaiba alipokwama. "Dada Biasha, mimi nikiambiwa legea, ndiyo kwanza nakaza."

"Basi tufanyeje?"

Alifikiri. Hoteli ya Diani iliyomwachisha kazi baada ya ghasia za tisini na saba, wageni walipokatika, ilikuwa na taulo mia nne za kufua kwa siku. "Taulo hailegezwi kwa amri," alisema. "Waikamua kwanza. Waikaza mpaka mwisho wake. Halafu waachia, inajifungua yenyewe."

Biasha aliwaambia wote wakunje ngumi, wakaze, wakaze zaidi, kisha waachie. Baraza nzima ikashusha pumzi. Tangu hapo zoezi lile likaitwa taulo ya Twaiba, na mwenyewe akawa akilifanya akikuna nazi, akimgeuza Luqman, akichota maji.

Lakini alilolihitaji zaidi lilikuja wiki ya tano. Biasha alimsimamisha mbele ya wenzake, akawaambia wenzake wasimwitikie.

"Salaam aleikum."

Kimya. Mikono ikaanza kumtetemeka.

"Akili yakwambia nini sasa?" aliuliza Biasha.

"Yaniambia wananidharau."

"Una hakika?"

Twaiba aliwatazama. Mwanamke mmoja wa Shimba Hills, Wayua, alikuwa ameuma mdomo asicheke. Mwingine alikuwa akiangalia kama mtoto wake analia. "Hapana. Sina hakika."

"Basi kimya ni nini?"

"Kimya…" Alivuta pumzi, akaitoa. "Kimya ni kimya tu."

"Hapo! Umeshasalimu. Deni si lako tena, ni lao. Wewe simama, pumua."

Walimfanyia hivyo mara tisa siku hiyo, na mara ya tisa mikono ilikuwa imetulia.

Alijaribiwa kweli wiki ya sita. Aliporudi kutoka kisimani alimkuta Shutu uani na vijana wawili wakipigilia vigingi, hatua tatu kutoka dirisha la Luqman. Moyo ukaruka. Twaiba alitua ndoo. Alikunja vidole vya miguu ndani ya ndala, akaachia. Akavuta pumzi.

"Bwana Shutu, habari za kazi?"

"Napima changu, shemeji."

"Kamati haijasema. Ng'oa vigingi, au uviache, nitavitia jikoni. Ni kuni kavu."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, na hiyo sauti ndiyo iliyomtia Shutu wasiwasi. Aliondoka akiguna. Vigingi vilipika wali jioni hiyo, na Bi Mwinga alikula sahani mbili bila neno.

*

Jumatatu, siku mbili kabla ya kamati, wote walirudia jaribio. Makoti meupe yaleyale. "Shikamooni." Kimya. Jasho lilimtoka Twaiba, ndiyo, na moyo ulikwenda mbio, lakini alijua ni kitu gani kinachokwenda mbio na ni kwa nini, akaungoja upunguze mwendo. Alipohesabu, alifika mia tisa thelathini na moja kabla hajakosea. "Anza tena." "Naanza," alisema, akaanza tena. Kichupa alikijaza kwa dakika moja.

Alikuwa amefika langoni aliposikia viatu nyuma yake. Mzee Mbwana alikuwa akikimbia, koti linapepea. "Marahaba! Marahaba, mwanangu, marahaba na ya Julai! Nimelala na deni lako miezi miwili!"

Karatasi kutoka Nairobi ilikuja Novemba, tuseme sasa tumalizane nayo. Ilikuwa na mistari miwili ya kotisoli yake. Wa Julai ulipanda kama mnazi ukakaa hukohuko juu. Wa Septemba ulipanda nusu yake, ukashuka. Wenzake wengi walikuwa hivyohivyo, wengine hawakubadilika sana, na Daktari Nthambi hakuwaficha. "Homoni haijaisha, mama," alimwambia Twaiba. "Ikiisha ni ugonjwa. Mwili wako bado unapanda. Sasa unajua kushuka."

*

Lakini Jumatano ile ya Septemba karatasi ilikuwa haijaja, na Twaiba hakuwa na cha kumthibitishia ila mwili wake mwenyewe. Bi Mwinga alisema atakwenda naye. Hakuwa amepanda Kwale kwa miaka minane. Luqman aliachiwa jirani amtazame, na walipokuwa wakitoka, alimfuata mkewe kwa macho mpaka mlangoni.

Chumba kilikuwa kilekile. Shutu alikuwa amekwisha keti, mguu juu ya mguu. Mwenyekiti alikuwa akipekua faili.

"Shikamooni, wazee wangu."

Faili iliendelea kupekuliwa. Wa miwani alikuwa akifuta miwani. Twaiba akasikia tezi zake mbili zikifunguka, akakaribia kutabasamu kwa kuzijua. Alikaza vidole vya miguu, akakaza mapaja, akakaza ngumi ndani ya leso. Akaachia. Kimya ni kimya tu. Alisimama ndani yake kama mtu aliyesimama kivulini, hana haraka.

Ikapita muda. Shutu alishusha mguu. Mwenyekiti aliinua kichwa kuona kwa nini hakuna anayesema, akakutana na macho ya Twaiba, yaliyotulia.

"Nimewaamkia, mzee," alisema Twaiba kwa adabu.

Mwenyekiti alitazama kulia, akatazama kushoto. Nyuma kabisa Bi Mwinga aligonga mkongojo sakafuni mara moja.

"Marahaba," alisema mwenyekiti. "Marahaba, mama. Samahani. Karibu kiti."

"Ahsante, nitasimama." Alifungua kipochi, akatoa kadi, akaiweka mezani. "Mimi ni Twaiba, mke wa Luqman. Mume wangu alilazwa Msambweni tarehe ishirini na saba Februari, hajitambui. Alifumbua macho tarehe tisa Machi. Karatasi ya Bwana Shutu ni ya tarehe mbili. Naomba wazee wasome zote mbili."

Walisoma. Wa kanzu aliisogeza karatasi karibu na macho. Shutu alikuwa amekwisha simama.

"Karani wangu alikosea tarehe, mwenyekiti. Mapatano yalikuwa Januari. Luqman alitia dole lake mwenyewe, mtu mzima, nyumbani kwangu. Dole si lake? Apimwe!"

Hilo Twaiba hakulitarajia. Julai lingemwangusha. Kinywa kilianza kukauka, akakiacha kikauke, akatoa pumzi kwa hesabu ya sita. "Naomba kuiona karatasi," alisema.

Safari hii herufi hazikuogelea. Aliona tarehe. Aliona majina. Aliona dole gumba, na dole lilikuwa la zambarau. Aliutazama wino ule kwa jicho la dobi, jicho linaloujua wino wa kalamu na wino wa mhuri, juisi na damu na dawa ya mbu. Na jambo lililokuwa limejificha tangu Machi likatoka mafichoni lenyewe, zima.

"Bwana Shutu," alisema, "ulimletea mgonjwa wangu machungwa wodini."

"Ni ujirani. Ni kosa?"

"Ulinituma nikakutafutie kisu cha kumenyea. Niliporudi ulikuwa umekwenda. Dole la mume wangu lilikuwa na wino. Nikadhani ni mambo ya hospitali, nikamwosha." Alifungua pembe ya leso yake, akaitandaza juu ya meza, kando ya karatasi. "Leso hii ndiyo niliyokuwa nimemfunika nayo. Nimefua nguo za watu miaka kumi na miwili, wazee wangu, na doa hili limenishinda, kwa sababu wino wa mhuri hautoki. Mume wangu anajua kuandika. Jina lake limo kwenye saruji ya kila kisima alichojenga Mwabungo. Januari, akiwa mzima, angetia sahihi. Dole huchukuliwa la mtu asiyeweza kushika kalamu."

Wazee watatu waliinamia meza. Zambarau mbili, moja kwenye karatasi, moja kwenye leso, na katikati ya doa la leso bado ilionekana mikunjo hafifu ya dole la mtu. Wa miwani alizivaa miwani zake kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Bwana Shutu," alisema mwenyekiti.

Shutu alifungua kinywa. Akalamba midomo. Akalamba tena. Alitazama mlango, akatazama viatu vyake vilivyong'aa, na hakikutoka kitu.

"Anywe maji," alisema Twaiba, na alikuwa hamfanyii mzaha. "Kinywa kimemkauka. Napajua hapo alipo."

Mwenyekiti alingoja, kisha akaandika kwa muda mrefu, akasoma kwa sauti. Karatasi haina nguvu. Shamba ni la Luqman na watu wake. Karatasi na leso vitabaki kwa kamati, na Bwana Shutu asiondoke mpaka askari afike amwandikishe maneno yake.

Uani, palepale ukutani alipotapika Julai, Bi Mwinga alimshika Twaiba mikono yote miwili, akamkunjua viganja. Watu waliosubiri foleni waligeuka kutazama. Kikongwe alikusanya mate, akamtemea kidogo viganjani, *pfu*, na kidogo kifuani, *pfu*, kama atemewavyo binti wa tumboni mwake.

"Haya ni yangu, mkaza mwanangu. Yakae juu ya yako." Alijifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Na huyo Mkamba mwenye vichupa yuko wapi? Mwambie aje na changu. Nataka kujua mimi moyo ulinipanda kiasi gani pale ulipomwomba yule mtu karatasi."

Twaiba alicheka mpaka akaketi chini, hapo hapo kwenye changarawe, hana hata leso ya kujitanda, na hakuona haya.

Walifika Mwabungo jua likiwa bado juu. Luqman alikuwa ameegemezwa mito, uso kwenye mlango, na jirani alisema hakutaka kugeuzwa tangu asubuhi. Hakuweza kuuliza. Aliuliza kwa macho, kutoka kwa mama hadi kwa mke, na Twaiba, aliyezungumza mbele ya kamati nzima, akamwachia mavyaa wake jibu.

Bi Mwinga aliweka mkongojo wake pembeni, akaketi kwenye mkeka wake.

"Alisema," alimwambia mwanawe. "Alisema, na wakaitikia."